Ratiba ya Michezo na Makisio ya Safari

Kila mwanzo wa muhula vijana huja kuniuliza, "Mwalimu, safari hii tutacheza na nani?" Ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: tutakwendaje huko, tutalala wapi, tutakula nini, na fedha za kurudi ziko mkononi mwa nani? Timu nyingi za shule hufa katika maswali haya, wala si golini. Basi katika toleo hili nataka kuwaeleza wanafunzi, na wazazi pia maana wao ndio watoao, jinsi ratiba ya msimu mzima inavyopangwa pamoja na makisio ya gharama zake. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na michezo nimekabidhiwa juu yake. Kwa hiyo msomaji anivumilie kwa tarakimu. Humu hamna hesabu ngumu kuliko kuzidisha na kugawanya.

Kazi hii si ngeni hapa Tabora. Mji wetu ulikua kwa hesabu za safari kabla haujapata shule wala kiwanja. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kwa Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa. Mizigo ilichukuliwa na watu, wengi wao Wanyamwezi, kila pagazi na ratili zake 60 au 70, yaani kama kilo 27 mpaka 32. Sisahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo, na jambo hilo lina somo lake katika darasa la historia. Hapa nachukua upande mmoja tu: wale watu walijua kuhesabu njia.

Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, jina waliloita mji huu, tarehe 7 Novemba. Zilikuwa siku 134. Mtu asafiriye siku 134 pamoja na watu wengi hawezi kusema, "Tutaona huko mbele." Stanley alipokuwa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871, akijitayarisha kumtafuta Livingstone, aliwauliza wafanya biashara waliozoea bara: watu 100 hula kiasi gani kwa siku? Akajibiwa kwamba doti 10 za nguo zatosha kununulia posho ya watu 100 kwa siku moja. Doti moja ni yadi 4. Basi mwaka mzima ni 10 mara 365, yaani doti 3,650. Naye akakisia merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi doti 650. Jumlisha mwenyewe uone kama hazifiki 3,650 kamili. Sijapata mfano mzuri kuliko huu wa kuwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza. Wakigawanya watakuta kwamba kila mtu alikula nguo ya yadi 2 kwa 5 kwa siku, na darasa zima hucheka, lakini hawasahau tena.

Yako mambo mawili zaidi ya kujifunza kwa misafara ile. La kwanza ni ushanga. Haikutosha kuwa na ushanga mwingi. Ilibidi uwe ule upendwao mahali pale. Ule mweusi ulioitwa bubu ulikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine haukununua hata kuku. Siku hizi tunao ushanga wetu. Mwalimu aweza kuwa na fedha za kutosha ndani ya simu, akafika mahali mtandao umelala, na mama lishe amesimama na sufuria yake anangoja. Kwa hiyo theluthi moja ya fedha za safari yafaa iwe noti mkononi, tena noti ndogo ndogo.

La pili ni siku za kukaa. Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871. Njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Akakaa hapa mpaka tarehe 20 Septemba, kisha akazunguka kwa kusini kupitia Ukonongo, akafika Ujiji Novemba. Karibu miezi mitatu watu walikula bila kusogea hata hatua moja. Livingstone naye mwaka uliofuata alikaa Kwihara tangu Machi mpaka tarehe 25 Agosti 1872 akiwangojea wapagazi kutoka pwani. Yule anayepiga makisio ya kwenda na kurudi tu amesahau kwamba tumbo halijui kama gari linakwenda au limesimama.

Sasa tuje kwenye timu. Nitatumia ligi ya mfano ambayo nimewapa wanafunzi wangu darasani. Tuseme shule 6 za mkoa wetu zimekubaliana kucheza mpira wa miguu na netiboli, kila shule na kila shule, nyumbani na ugenini: sisi wa Tabora, na shule moja moja ya Sikonge, Nzega, Igunga, Urambo na Kaliua. Kila shule itacheza mara 10, na ligi nzima ina siku za mechi 30.

Njia ambayo vitabu hufundisha ni ya kuzungusha namba. Shule zipewe namba 1 mpaka 6. Namba 1 akae mahali pake, wengine wazunguke kama watoto wanaocheza duara. Juma la kwanza ni 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4; juma la pili 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3; na kuendelea hivyo. Katika majuma 5 kila mmoja amekutana na kila mmoja, na katika majuma 10 wamerudiana. Ni njia safi, na kila mwanafunzi aijaribu kwa penseli. Ila ina kasoro moja kubwa: haijui kabisa kwamba Igunga iko mbali kuliko Sikonge. Kwake namba ni namba.

Barabara haisemi hivyo. Kutoka Tabora mpaka Nzega ni kama kilometa 115, na kutoka Nzega mpaka Igunga kama 75 zaidi, yaani 190 kutoka kwetu. Urambo ni kama 95 upande wa magharibi, na Kaliua kama 30 mbele yake, yaani 125. Sikonge iko kusini, kama 75. (Nimezikaribisha tarakimu hizi kwenye tano ili hesabu iwe nyepesi.) Tukienda kila mahali peke yake na kurudi, tutatembea 230 kwa Nzega, 380 kwa Igunga, 190 kwa Urambo, 250 kwa Kaliua, na 150 kwa Sikonge. Jumla ni kilometa 1,200.

Lakini tazama ramani. Aendaye Igunga hupita Nzega. Aendaye Kaliua hupita Urambo. Tukicheza Igunga na Nzega katika safari moja, na Kaliua na Urambo katika safari nyingine, twatembea 380, na 250, na zile 150 za Sikonge: jumla 780. Tumeokoa kilometa 420, zaidi ya theluthi moja ya njia, wala hatukupunguza mechi hata moja.

Jambo hili si uvumbuzi wangu. Vyuo vikuu 8 vya kaskazini-mashariki ya Marekani viitwavyo Ivy League vilipanga mpira wa kikapu kwa namna hii miaka mingi: vyuo viliwekwa jozi jozi, Harvard na Dartmouth, Penn na Princeton, na kadhalika, timu ikasafiri ikacheza na mmoja Ijumaa na mwenzake Jumamosi, ikarudi. Wao hawakuwa maskini. Walitaka vijana wao wasipoteze siku za masomo.

Basi na sisi tujipange jozi 3: Tabora na Sikonge, Nzega na Igunga, Urambo na Kaliua. Kila mwisho wa juma jozi moja husafiri, jozi ya pili hupokea, na jozi ya tatu, ambayo haina mgeni wala safari, hucheza yenyewe kwa yenyewe. Ratiba yote ni hii:

Juma la 1: Tabora na Sikonge waenda kwa Nzega na Igunga, Urambo yacheza na Kaliua.
Juma la 2: Nzega na Igunga waenda kwa Urambo na Kaliua, Tabora yacheza na Sikonge.
Juma la 3: Urambo na Kaliua waja kwa Tabora na Sikonge; Nzega yacheza na Igunga.
Juma la 4: Nzega na Igunga waja kwa Tabora na Sikonge, Kaliua yacheza na Urambo.
Juma la 5: Urambo na Kaliua waenda kwa Nzega na Igunga, Sikonge yacheza na Tabora.
Juma la 6: Tabora na Sikonge waenda kwa Urambo na Kaliua, Igunga yacheza na Nzega.

Hesabu mwenyewe: kila juma mechi 5, majuma 6, jumla 30. Ligi iliyotaka majuma 10 imekwisha kwa 6. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza kwenye ubao nilirudia kulihesabu mara tatu, maana lilikuwa zuri mno.

Siku zenyewe zataka busara. Shule zetu zina Waislamu na Wakristo, na Jumapili watu huenda kanisani. Kwa hiyo tucheze Ijumaa saa 10 alasiri, baada ya swala, na Jumamosi. Kanuni yangu ni mbali kwanza, karibu baadaye. Tukitoka Tabora Ijumaa saa 1 asubuhi twafika Igunga kabla ya swala, twacheza alasiri, twalala huko huko. Jumamosi asubuhi twasogea Nzega, twacheza saa 8 mchana, na kabla ya giza twakaribia nyumbani. Sipendi basi la wanafunzi njiani usiku, na katika hilo sina mjadala na mtu.

Mtu mwerevu atauliza: je, Sikonge? Wakati sisi tuko Igunga, wao wako Nzega. Jumamosi yao ni Igunga, na kutoka Igunga mpaka Sikonge ni kilometa 265. Ni kweli, mmoja katika jozi hupata siku mbaya. Mechi yao ya Jumamosi yapasa ichezwe saa 4 asubuhi ili waondoke kabla ya saa 7 mchana. Na juma la 6, tukienda magharibi, zamu ibadilike: wao waanze Kaliua, sisi tuanze Urambo.

Kuhusu majira, mvua zetu hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili hivi, na kiwanja chenye tope huvunja miguu. UMISSETA huchezwa katikati ya mwaka. Kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi wa Mei, na kidato cha nne Novemba. Nafasi iliyobaki wazi ni Julai na Agosti, nayo yatosha majuma 6 hata ukiacha juma la mtihani wa majaribio. Asiyeangalia kalenda ya Kiislamu naye atajuta, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na ratiba iliyofaa mwaka huu haifai miaka michache ijayo.

Sasa fedha. Bei nitakazotumia ni za darasani tu. Bei ya kweli iulizwe stendi na sokoni juma lile lile. Tuseme basi dogo hukodiwa kwa shilingi 2,000 kwa kilometa, pamoja na mafuta. Lina nafasi 28: wachezaji 16 wa mpira wa miguu, wasichana 9 wa netiboli, walimu 2, mmoja wao mwanamke, na dereva. Nimemtaja dereva makusudi. Katika makisio mengi niliyoletewa na wanafunzi dereva hali chakula, na bado anatakiwa aendeshe kilometa 380.

Basi la kilometa 780 ni shilingi 1,560,000. Lile la kilometa 1,200 lingekuwa 2,400,000, kwa hiyo tumeokoa 840,000. Lakini safari ya kulala ina mlo wa ziada. Safari ya siku moja ni milo 2, cha mchana na cha jioni. Safari mbili za namna hiyo ni milo 4. Safari moja ya siku mbili ni milo 5. Mlo mmoja tukiuweka shilingi 3,000, watu 28, safari mbili za kulala, nyongeza ni 168,000. Akiba halisi basi ni 672,000. Mwenye kusema tumeokoa 840,000 anajidanganya yeye na wazazi.

Nyongeza hiyo nayo yaweza kufutwa. Katika ratiba ya jozi kila shule hulaza wageni usiku wa siku mbili, na hulazwa ugenini usiku wa siku mbili, sawasawa. Basi wenyeji wawape wageni chakula cha jioni na kifungua kinywa kutoka jiko la shule, na wao wakienda wapewe vivyo hivyo. Ugali na maharage ya jikoni kwetu, kwa bei zetu za darasani, ni shilingi 1,500 kwa mtu, nusu ya bei ya mgahawani. Milo 4 kwa watu 28 ni sahani 112; ukiokoa 1,500 kwa kila sahani umepata 168,000 ile ile. Hata hivyo mimi siiingizi katika makisio mpaka wakuu wa shule zote 6 wametia sahihi, maana ahadi ya ugali si ugali.

Makisio kamili, bila ahadi hiyo, ni haya. Basi 1,560,000. Milo 12 ya msimu kwa watu 28, shilingi 1,008,000. Mechi 5 za nyumbani, pamoja na marefa, chokaa na maji, 60,000 kila moja, jumla 300,000. Mipira, na sanduku la huduma ya kwanza, 250,000. Hapo tumefika 3,118,000. Juu yake naongeza fungu moja katika kumi, 311,800, kwa ajili ya siku za kukaa nilizozitaja: gurudumu, mgonjwa, daraja lililokatika. Jumla ya yote ni 3,429,800. Fungu hilo la kumi liwekwe katika bahasha yake, na nauli ya kurudi ya kila safari iwekwe kando kabla timu haijapanda basi.

Huenda mzazi akauliza kwa nini tusipande treni kwenda Urambo na Kaliua, kwa kuwa zote mbili ziko kwenye reli ya Kigoma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo imewabebea watu wengi kwa nauli nafuu. Lakini treni ina siku zake, na mechi zina siku zake. Tuseme imetuokolea shilingi 300,000 za nauli, kisha ikatulazimu kukaa siku moja zaidi kuingoja. Milo 3 ya watu 28 ni 252,000. Tumebakiwa na 48,000, na Jumatatu darasani hatupo. Siku ambazo saa zake zitapatana na mechi zetu, nitakuwa wa kwanza kukata tikiti.

Nani alipe? Hapa ndipo penye uchungu. Tukiwatoza wachezaji 25 peke yao, kila mmoja atatakiwa kutoa shilingi 137,000 na zaidi kidogo. Katika shule moja niliyofundisha zamani orodha ya wasafiri ilifuata risiti. Mlinda mlango wetu, mtoto wa mjane, alibaki bwenini. Akaenda kijana ambaye baba yake alikuwa amelipa mapema. Siwezi kukumbuka matokeo ya mechi ile, lakini namkumbuka yule kijana akiwa ameketi kwenye ngazi za bweni huku basi likitoka langoni. Tangu mwaka 2016 serikali haitozi ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, na si haki michezo irudishe kwa mlango wa nyuma kile kilichoondolewa mlango wa mbele.

Tukigawanya gharama kwa shule yenye wanafunzi 700, kila mmoja ni shilingi 4,900, na zinatimia 3,430,000. Huo uwe mchango wa hiari, uliokubaliwa na wazazi katika mkutano na kupitishwa na bodi, wala jina la asiyetoa lisisomwe popote. Kwa kuwa ni wa hiari, haitatimia yote. Kwa hiyo makisio yawe na ukurasa wa pili uliokubaliwa kabla ya msimu, useme nini kitapunguzwa fedha zikipungua. Maoni yangu: kwanza tupunguze mipira mipya, tushone ile ya zamani, pili tutegemee chakula cha wenyeji, tatu tupunguze wachezaji wa akiba, wa pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Safari yenyewe isifutwe, kwa sababu wenzetu watakuwa wamekwisha kuja kwetu. Wala wasichana wasishushwe kwenye basi. Viti vyao vimekwisha kulipiwa na kilometa zile zile. Wakiachwa, tunaokoa chakula chao tu, na basi linakwenda likiwa na viti vitupu 9.

Limebaki jambo moja, nalo najua halitawapendeza wote hapa mjini. Nimewapa kidato cha tatu wahesabu kilometa za shule zote 6 kwa ratiba hii. Walipata hivi: Tabora 780, Urambo 970, Nzega 1,010, Sikonge 1,080, Kaliua 1,090, Igunga 1,310. Sisi ndio tunaosafiri kidogo kuliko wote, si kwa bidii yetu, bali kwa kuwa tumeketi kwenye fundo la njia, pale pale ilipogawanyika misafara. Igunga watatumia kwa basi peke yake shilingi 1,060,000 zaidi yetu, ili tu wacheze mechi zile zile 10.

Jumla ya kilometa zote ni 6,240. Ukigawanya kwa 6 unapata 1,040 kamili. Kukiwa na mfuko wa pamoja wa basi, kila shule ingelipia kilometa 1,040: sisi tungeongeza 260, yaani shilingi 520,000, na Igunga wangerudishiwa 270, yaani 540,000. Mchango wa kila mwanafunzi wetu ungepanda kutoka 4,900 hadi kama 5,650. Mwalimu mwenzangu mmoja ameniambia kwamba huko ni kuwalipia wengine nauli yao. Nimemjibu kwamba bila wengine hao hatuna ligi, na kwamba Igunga wakishindwa kufika katika juma la 4, kiwanja chetu kitakuwa na chokaa, refa, na timu moja. Hata hivyo naona ni vigumu kwa wazazi kuikubali nyongeza yote katika mwaka wa kwanza. Nitapeleka kwenye bodi pendekezo la nusu, shilingi 260,000, na wazazi wenye maoni wamwandikie mkuu wa shule kabla ya mkutano.

Zoezi kwa wanafunzi. Tuseme zimeongezeka shule mbili, moja ya Puge na moja ya Isikizya, zikawa 8. Pangeni jozi 4 kwa kuitazama ramani, kisha mseme ligi nzima itakwisha kwa majuma mangapi. Angalieni: safari hii jozi mbili zaweza kusafiri katika juma moja, na mechi za ndani ya jozi zitataka nafasi yake. Wa kidato cha tatu na cha nne waongeze kilometa za kila shule, na watafute kama kuna mpangilio mwingine wa jozi unaopunguza safari ya Igunga. Majibu yaletwe katika ofisi ya idara ya hesabu kabla ya juma la mitihani. Bora kuliko yote litachapwa katika toleo lijalo pamoja na jina la darasa lake.